Malori Yalipoacha Kupita Koboko

Wasomi wakikuambia miji hujengwa na serikali, wasikilize tu kwa adabu. Koboko, mji huu wa mpakani, ilijengwa na matumbo yenye njaa. Hajara mpishi, bibi yake alipikia askari, na palipo na askari wanaokula hapakosi muuza chumvi, kisha fundi cherehani, kisha duka, kisha msikiti. Askari wakaondoka, wakaja wenye malori ya Juba, nao wakakuta sufuria bado ziko motoni. Hajara alirithi mafiga yale ya kando ya barabara, na kisra yake, ule mkate mwembamba wa mtama, ilijulikana mpaka ng'ambo ya mpaka.

Basi mwaka huu malori yakaacha kupita. Hayakupungua; yaliacha. Barabara ilikuwa kimya, vumbi limelala, na Hajara akajua la kufanya kwa sababu mama yake alimfundisha. Mwaka wa sabini na tisa barabara ilinyamaza vivyo hivyo, watu wakasema malori yamepita njia nyingine, mara risasi zikafika. Akachimba shimo nyuma ya nyumba, akazika sufuria zake kubwa, akashindilia udongo kwa mguu.

Medina, jirani aliyekuwa akiuza chai pembeni yake, alimkuta akijipangusa mikono.

"Dada Hajara, vita hakuna. Barabara mupya imefunguka, malori inalala kwa yadi kule nje ya mji. Twende tuweke mafiga. Kila mutu anaweka yake sasa."

"Hata mwaka ule walisema hivyo."

"Mwaka ule ni mwaka ule!"

"Wewe ulikuwa hujazaliwa," Hajara akasema, akafunga mlango.

Medina ana mdomo, lakini ana moyo pia. Aliyapakia mafiga ya Hajara kwenye toroli, akayapeleka yadini, akayapanga karibu na yake. Kwa wapishi wa barabara ile, mafiga yako yakishakaa mahali, mahali hapo ni pako hata kabla ya kuwasha moto; ila hayawezi kukaa baridi siku zote wakati wengine wanatafuta nafasi. Hajara alikuwa ameshapanda gari la Arua, kwa binti yake Nabila kwenye mtaa wa Awindiri, kusubiri vita vipite.

Arua siku hizi ni jiji, na Nabila alimtembeza mama yake kumwonyesha ghorofa na taa za barabarani. Hajara aliitikia tu. Nyumbani alikaa mkekani, redio sikioni, akingoja habari za risasi. Hakuwa na hofu. Hofu yake iliisha utotoni, kwenye njia ya kukimbilia Kongo. Alikuwa na ganzi tu, mwili mzima, kama mguu uliokaliwa.

Medina akapiga simu. "Dada, njoo. Watu wanauliza hii mafiga ni ya nani."

"Ikitulia nitakuja."

Siku moja sokoni, akimbebea Nabila vitunguu, alikutana na Tongun, dereva wa Juba aliyekula kwake tangu akiwa utingo.

"Mama! Umepotea wapi?"

"Nimekimbia vita."

Tongun akacheka, kisha akaona mama hatanii. Kicheko kikamkauka.

"Vita iko wapi, mama? Mimi natoka Juba jana. Njia iko salama. Ni hiyo salama imeleta malori mingi, mji ikashindwa kubeba, wakatutengenezea yadi."

Hajara alirudi Koboko siku hiyo hiyo, kwenye lori la Tongun, furushi lake miguuni. Yadini aliukuta mji mwingine ukizaliwa: mabati mapya, kinyozi, wachaji simu, wauza nyama, harufu ya kitunguu na dizeli. Medina alimkimbilia akilia.

"Nilishikilia nafasi yako, dada. Nimegombana mpaka sauti imekauka. Jana ndiyo wamenishinda."

"Hakuna neno," Hajara akamwambia. Alingoja uchungu uje, haukuja. Wateja wakaita chai, Medina akarudi kwenye birika akijifuta macho.

Kwenye nafasi iliyokuwa ya Hajara alisimama mwanamke kijana, Night Poni, mkimbizi kutoka kambi za Omugo, akigeuza kisra kwenye kikaango. Hakumjua Hajara. Aliona tu mama mzee mwenye furushi, amesimama bila kwenda popote. Akamvutia kiti, akamwekea sahani.

"Kula, mama. Hakuna kulipa. Hata mimi nilifika na furushi hivi hivi."

Hajara akamega. Kisra ilikuwa nzuri, tena nzuri sana.

"Mama," Night Poni akauliza kwa upole, "wewe vita gani ilikufukuza?"

Hajara alitafuta vita vya kumtajia, akavikosa. Akaendelea kula.