Ndoano ya Bembea

Katika kiwanda kidogo cha bembea za watoto, mawifi wawili walifanya kazi chumba kimoja. Mmoja alikuwa mhandisi, mtu wa kompyuta. Wifi yake, dada wa mumewe, alisimamia mashine ya majaribio, iliyovuta ndoano ya chuma ya kuning'inizia bembea na kuiachia, kuivuta na kuiachia, mpaka ichoke ipasuke.

"Mashine yangu itamaliza baada ya wiki mbili," wifi alisema. "Hiyo yako je?"

"Mwakani," mhandisi alikiri, na wote wakaangua kicheko.

Kompyuta, iliyoiga jaribio hilohilo kwa hesabu, ilikuwa inakokotoa kila mzunguko wa kuvutwa na kuachiwa, mmoja baada ya mwingine, na ndoano ilitakiwa kuhimili mamilioni. Lakini mhandisi alikuwa ameona kwamba mzunguko mmoja haukutofautiana sana na uliofuata. Ya nini kuihesabu yote? Akaiagiza kompyuta ikokotoe michache, ipime chuma kinachoka kwa kasi gani, kisha iruke maelfu mbele na kupima tena.

Mchana jibu likatoka: ndoano nzima, haichoki kamwe.

"Basi itatuzika sisi sote!" wifi alisema, ameshika mbavu kwa kucheka.

Mhandisi akanuna kidogo. Alipopitia kazi yake upya, akaliona kosa: aliruka mbali vilevile hata pale chuma kilipoanza kulegea. Akabadilisha. Chuma kikiwa kizima, ruka mbali. Kikianza kuchoka, nenda mdogomdogo.

Safari hii kompyuta ilionyesha ufa, upande wa ndani wa mkunjo wa ndoano.

"Pale? Thubutu!" wifi akasema. "Huwa zinakatikia penye nati."

"Haya, tutaona."

Mashine ikaendelea kugongagonga. Asubuhi moja ikajizima. Wifi akaifungua ndoano, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. Ufa mwembamba kama unywele, ndani ya mkunjo.

"Mchawi wewe!" akapiga kelele, akamkumbatia mhandisi mpaka miwani ikaenda upande.

Wakachora mkunjo mpana zaidi. Chai ilikuwa bado ya moto kompyuta ilipoleta jibu: ndoano mpya ingedumu zaidi kuliko ya zamani, tena kwa mbali sana. Bosi akachungulia mlangoni kuuliza kelele ni za nini. Hakuna aliyemsikia. Wifi alikuwa ameshakikalia kiti cha mhandisi, vidole juu ya kibodi.

"Haya, mwalimu," alisema. "Huko kuruka kunaanzia wapi?"