Ukurasa Alioukunywa Mama Mkwe

Mimi Hassani, karani wa akida, ugonjwa wa kuandika niliambukizwa na Mdachi. Bwana mmoja wa boma la Kondoa alikuwa na daftari lake mwenyewe, si la kodi wala la kesi, na kila siku aliandika humo amekula nini na mbu wamemng'ata wapi. Nilipomwuliza faida yake, alisema mtu asiyeandika siku zake huzipoteza. Maneno hayo yaliniingia. Nikala yamini, mkono juu ya msahafu, kwamba mwaka mzima, kila siku baada ya sala ya adhuhuri, nitajaza ukurasa mmoja wa mambo yangu. Tabu ni kwamba sikuwa na mambo.

Siku ya kwanza niliandika kuwa jua limewaka. Siku ya pili, kuwa limewaka tena. Siku ya tatu, Mungu si Athumani, akaja mama mkwe wangu, Bi Batuli, kumwona binti yake Mwajabu, ambaye ndiye mke wangu. Alisema atakaa siku mbili.

Kwetu mtu hajibizani na mama mkwe. Unainamisha macho, unaamkia, unapisha. Basi yote niliyoshindwa kusema nikayatia kwenye daftari. Firigisi ya kuku, ambayo tangu enzi za babu ni haki ya mwenye nyumba, alikula yeye; nikaandika. Alikoroma mchana, nikaandika. Alisema kanzu yangu nzuri inafaa kuzikiwa. Siku hiyo nilijaza ukurasa na pambizo zake. Niliandika kwa herufi za Kiarabu kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani, kwa wino wa masizi na gundi, na nasema kweli, nilianza kuipenda adhuhuri.

Siku ya arobaini Bi Batuli akashikwa na kwikwi. Akapewa maji, akapewa asali, akashtuliwa kwa nyuma, wapi. Siku ya tatu ya kwikwi, nikiwa kazini, alichomoa ukurasa mmoja kwenye daftari langu, akauosha ndani ya bakuli, akanywa yale maji meusi mpaka tone la mwisho.

Msimcheke. Hakujua kusoma, lakini kombe alilijua: mwalimu huandika aya, wino ukaoshwa, mgonjwa akanywa. Naye kila siku aliniona nimetoka kusali, nimenyamaza, naandika herufi za msahafu huku nikimtupia jicho. Angedhani nini kingine?

Kwikwi ikakatika palepale. Nilipochungulia daftari, uliokosekana ni ukurasa wa firigisi.

Kufikia alasiri mji mzima ulijua kuwa nimemwombea Bi Batuli siku arobaini bila kujitangaza. Watu wakaja na mabakuli. Nikisema kweli, namvunjia heshima mama mkwe, na Mwajabu ataondoka naye. Nikinyamaza, Waislamu wenzangu watakunywa umbea wangu wakidhani ni maneno ya Mungu. Nikasema wino umekwisha, wakaniletea masizi. Nikawa naandikia ndani ya kihenge cha mtama, magoti kidevuni, maana yamini ni yamini.

Siku ya tatu ya mabakuli akaja Mwalimu Shaaban wa chuo, aliyekuwa amekosa wagonjwa wake wote. Mbele ya watu akaliomba daftari aone ni aya zipi. Alisoma mistari miwili, akanitazama, na nikajua sina pa kujificha.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Si kombe. Ni wewe."

Bi Batuli akamwambia mwalimu asome kwa sauti. Akasoma tangu siku aliyofika. Kwenye kukoroma watu walicheka. Kwenye firigisi ya pili na ya tatu wanaume waliguna kwa uchungu. Mimi niliona aibu mpaka masikio yakaniuma. Mwajabu alikuwa ameshaanza kufunga mzigo wa mama yake, na niliona kaniki yake mwenyewe inaingia humo.

Mwalimu alipomaliza, Bi Batuli alilichukua daftari, akalipakata.

"Tangu baba yake Mwajabu afariki, mwaka wa sita huu, hakuna aliyejua nimeamkaje," akasema. "Huyu anajua hata nimekoromea ubavu gani."

Akalia. Nami, mjinga, nikalia. Watu wakamwaga maji yao wakaenda. Bi Batuli akamwamuru binti yake afungue ule mzigo, kisha akanigeukia na kuniuliza kama ukurasa wa leo nimeshaandika. Nikasema bado.

"Andika kwamba nimelia," akasema, "lakini kidogo."

Nikaandika hivyohivyo, naye, asiyejua hata alifu, akiwa ameinama begani kwangu kuhakikisha. Ndio uongo wa kwanza katika daftari lile.