Uwanja wa Wenyewe

Cheptanui alikuwa mkunga wa lokesheni, mtaa wa Waafrika kando ya mji, na kitu alichokililia miaka yote kilikuwa kimoja tu: chumba cha kuzalia. Chumba cha mawe, chenye kitanda na bomba la maji, hapo hapo karibu na watu. Mkaza mwanawe, Chelagat, alimpoteza mtoto wa kwanza njiani, akipelekwa hospitali ya mjini juu ya mkokoteni kama gunia la mahindi. Sasa alikuwa mjamzito tena, na Cheptanui hakuwa na raha.

Na pesa zilikuwako! Zilitoka kwenye pombe. Kilabu ya pombe ya lokesheni ilikuwa mali ya wakubwa wa mji, wanaume walikunywa humo hadi mifuko ikakauka, na sheria ya wazungu wenyewe ilisema faida yake iwafae Waafrika. Haya, kama watoto wamelala njaa kwa sababu ya pombe hiyo, si angalau wazaliwe mahali pazuri?

Basi likaitishwa baraza. Mzungu mkubwa wa mji akasimama, akasema Kiingereza kirefu, na karani wake Nicodemus, aliyekuwa mkalimani, akakikata kikawa kifupi.

"Anasema pesa ya pombe itajenga uwanja ya michezo, pale kwa kilabu ya masetla, wazungu ya mashamba. Itakuwa na jukwaa ya kukaa watu, na paa juu. Na hiyo uwanja itakuwa ya wenyewe."

Ya wenyewe! Wenyewe ni nani kama si wenye pesa? Wazee wakachekelea, wakapigana mabega. Aliyefurahi kuwashinda wote alikuwa Mzee Kosgei, mumewe Cheptanui. Yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa wazee. Bila mkono wake kuinuliwa, hata senti isingetoka. Na mtu huyo alipenda mbio kuliko chakula.

"Baba Kiptanui," Cheptanui akamnong'oneza kutoka nyuma, "na chumba je?"

"Chumba itakuja, mama. Uwanja kwanza. Vijana wetu watakimbia, na sisi tutakaa kwa kivuli kama watu."

"Mimba haingoji uwanja."

"Wewe nawe! Hapa ni baraza, si jikoni." Akainua mkono, na wazee wengine wakainua yao, wapumbavu wale, hata hawakuuliza swali moja.

Uwanja ukajengwa, tena upesi, maana jambo la wakubwa halikosi saruji. Jumamosi ya kufunguliwa Kosgei alivaa koti lake la jeshi, akatoka kifua mbele. Cheptanui hakumwangalia mara mbili. Uchungu ulikuwa umemshika Chelagat tangu alfajiri, na mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni. Kiptanui, mume wa Chelagat, alikuwa mbali kwenye kazi ya reli. Cheptanui aliujua mwisho wa uwezo wake: hapa alitakiwa daktari. Akaita majirani, wakamlaza Chelagat kwenye mkokoteni, wakaanza kusukuma kuelekea mjini huku vumbi la mlima Menengai likiwapiga usoni.

Barabara ilipita mbele ya uwanja, na ilikuwa imejaa motokaa za masetla kutoka Rongai na Gilgil. Getini alisimama Kosgei, akigombana na askari.

"Fungua! Tuliambiwa uwanja ni ya wenyewe!"

"Ni kweli, mzee. Wenyewe wako ndani. Wewe uko na kadi ya kilabu?"

"Wenyewe ni sisi! Hii ni pesa yetu!"

"Pesa ni yenu, uwanja ni ya kilabu. Kilabu ndio wenyewe. Sasa toka kwa barabara."

Kosgei akalitikisa geti. Cheptanui alilielewa papo hapo neno lile la karani, kwamba wenyewe ni wanachama wa kilabu, lakini hakuwa na nafasi ya hasira.

"Askari, tupishe! Mama anazaa hapa!"

"Barabara imefungwa mpaka mgeni mkubwa aingie. Zungukeni kule nyuma, kwa reli."

Wakazunguka. Kosgei mwenyewe alishika mkokoteni, akasukuma huku jasho likimtoka ndani ya lile koti, na kila jiwe lilimtoa Chelagat kilio. Kabla hawajavuka reli mtoto akatoka, mvulana, na Cheptanui alimpulizia, akamsugua, akamwita, wapi! Hakulia. Huko nyuma watu wa jukwaani walikuwa wakipiga makofi.

Walimzika jioni ile ile. Chelagat alilala ameelekea ukutani, hataki uji wala maneno. Kosgei aliketi mlangoni, akakohoa.

"Ni shauri ya Mungu," alisema.

"Mwache Mungu!" Cheptanui akamkata. "Mungu hakuja kwenye baraza. Wewe ulikuja. Ingia ndani umwambie Chelagat ulisema nini."

Kosgei hakuinuka.