Ini la Ijumaa

Siku Haddou alipotutoka, watu walimpigia makofi. Ilikuwa Ijumaa, kabla ya adhana ya mchana, mbele ya duka la Ouaziz mchinjaji. Mume wangu alishika kifua, akayumba, akaanguka chali kati ya mapipa ya zeituni. Hapa Ouarzazate, mji wa filamu wa Moroko, nusu ya wanaume wamewahi kujaza jeshi la mfalme fulani wa filamu, na Haddou alikuwa amekufa kwa mishale, kwa mikuki, na mara moja kwa kukanyagwa na tembo. Ouaziz alicheka hadi akaweka kisu chini.

"Inuka, bwana! Wenye kamera wameshaondoka!"

Hakuinuka. Mkononi alikuwa na kifurushi cha ini nililomtuma.

Mimi ni Loredana. Miaka thelathini na moja iliyopita nilitoka pande za Venezia kuja kushona nguo za filamu. Siku ya kwanza nilimkuta Haddou amevaa joho la kisultani, nikapiga magoti kulipinda upindo. Binamu yake Bassou, aliyejifunza Kitaliano kwa kubeba taa za wapiga picha, alikuwa mkalimani wetu.

"Muulize anakaa wapi," nilisema.

Haddou akanyoosha mkono kuelekea kasri lenye minara saba. Bassou, aliyeniita Lalla, yaani bibie, hakusita. "Anasema pale, Lalla. Upande wa kushoto ni wa wageni."

Niliamini kwa wiki tatu, mpaka upepo ulipoangusha upande wa wageni. Ulikuwa mbao na plasta, jengo la filamu tu, na nyuma yake amefungwa punda. Huyo punda tu ndiye aliyekuwa mali ya Haddou.

Nikafungasha cherehani. Haddou akanifuata hadi kituo cha basi, akasema maneno machache huku ameshika ubavu wa kulia.

"Anasemaje?"

Bassou akajikuna kichwa. "Anasema... ini."

"Anaumwa?"

"Hapana. Wewe... yeye... ini. Ini sana!"

Nikaona maskini ana njaa. Kwetu ini hupikwa kwa vitunguu vingi, na sisi hatumwachi mtu na njaa, hata akiwa mwongo. Basi likaondoka bila mimi. Ijumaa nikapika. Nikamwuliza Bassou nisemeje nikiweka sahani, ili ijulikane kwamba ini hili ni langu, nimelipika kwa mkono wangu. Akanifundisha maneno mawili. Nikaweka sahani mezani, nikatangaza, "Ini langu!"

Haddou akaacha mkate. Machozi yakamlengalenga. Nikadhani ni vitunguu.

Tukaoana. Mwaka wa pili nikamsikia jirani yangu Touda akimbembeleza mwanawe upande wa pili wa ukuta: "Nyamaza, ini langu, nyamaza." Nikatua ndoo. Kumbe watu hawa moyo wao kazi yake kusukuma damu; mapenzi yanakaa kwenye ini. Mwaka mzima nilikuwa namwita mwanamume mpenzi wangu kila Ijumaa, mbele ya mama yake, kwa sauti ya mtu anayenadi samaki.

Sikuacha. Kwetu maneno hayo hayasemwi. Baba yangu hakuwahi kumwambia mama. Lakini nikiwa na sahani mkononi niliweza. Ini lenyewe niliona kabisa kwamba Haddou halipendi. Alilimeza kama dawa, na paka wa Touda, mmoja baada ya mwingine, walinenepa chini ya meza yetu. Nilingoja aseme. Hakusema. Nami sikuthubutu kumwuliza lile lililonikaa rohoni: je, alijua kwamba namwita yeye, au alidhani mpaka mwisho kwamba mke wake mgeni anataja chakula?

Siku ya tatu ya msiba, wanawake wakiwa jikoni na kuskusi, nilimkuta Bassou uani.

"Ulinidanganya kuhusu kasri," nikamwambia.

"Mungu anisamehe, Lalla. Lakini punda alikuwa wa kweli."

"Na ini?"

Akacheka, kisha akajifuta macho kwa kilemba. "Marehemu hakulipenda tangu utotoni. Harufu tu ilimtoa mbio nyumbani."

"Nilijua. Mbona hakuniambia?"

"Nilimsihi mimi! Nikamwambia, mwanamume gani wewe unateswa na sahani? Akanijibu, 'Nikisema ataacha kupika, mpumbavu wewe. Akiacha kupika, ataniita lini?'"

"Alijua namwita yeye?"

"Mwanzoni nilimwambia asijidanganye, bibie anataja chakula. Halafu mwaka wa pili akanijia mbio, kandambili moja mguuni, nyingine sijui wapi. 'Bassou! Leo amesema huku anaangalia dirisha!'"

"Dirisha?"

"Mtu akitaja chakula, Lalla, huangalia chakula. Wewe uliona haya."

Touda aliniita nikaonje chumvi ya kuskusi, nikaenda.

Sasa niko edani, nimevaa nyeupe kama wajane wa hapa, sitoki. Ijumaa iliyopita Ouaziz aliniletea kifurushi mwenyewe, akakiacha kizingitini bila kunitazama usoni. Ini mimi silili, sikuwahi kulipenda. Paka wa Touda bado anakuja saa saba. Nampikia yeye, bila vitunguu.