Kufuli la Kizimba cha Ngawa

Kwa miaka mitatu nilikula kwa sentensi moja. Niliisema kwa Kiingereza mara kumi, hata kumi na tano kwa siku, nikiwa nimesimama mbele ya kizimba cha ngawa na ua sikioni: "Huyu mchana hulala tu. Usiku tunamfungulia, anaingia shambani kula kahawa anayoitaka mwenyewe, na alfajiri anarudi." Wageni wakisikia hivyo nyuso zao zinakunjuka. Walishuka garini na wasiwasi, maana wamesoma mambo huko kwao. Sasa wanapanda ukumbini, wanaonja vikombe vyao vidogo vya bure, vya tangawizi na vya mchaichai, na mwisho wanatoa rupia elfu hamsini kwa kikombe kimoja cha kahawa iliyopita tumboni mwa ngawa.

Ulikuwa uongo, sitauzungusha. Yule ngawa, ambaye sisi tunamwita luwak, alikuja ndani ya gunia kabla mimi sijaajiriwa, akatiwa kizimbani, basi. Chakula alipitishiwa kwenye mwanya wa chini. Kahawa tuliyouza haikutoka hata kwake. Ilikuja kwa magunia kutoka kwa mtu mmoja wa mlimani, na hakuna aliyemuuliza huyo mtu ana vizimba vingapi. Kazi ya ngawa wetu ilikuwa kuonekana tu.

Nilijua, na nilisema hivyo hivyo. Mtu mmoja tu sikutaka aisikie sentensi ile, naye ni Meme Ranis, mama mkwe wangu. Mume wangu hupika kwenye meli ya watalii, miezi tisa hayupo, kwa hiyo nyumbani tulikuwa mimi, Meme, ng'ombe mmoja na kuku. Meme ni fundi wa kusuka sadaka, vile vikapu vya makuti vya kutolea maua na mchele, vijiji vitatu vinamjua. Mkwe mvivu anamvumilia. Mkwe asiyejua kupika anamvumilia pia, mimi ni shahidi. Lakini mwongo hamvumilii. Wifi yangu alimdanganya mara moja, tena jambo dogo, na mpaka leo akija anapewa chai yake na haambiwi neno. Nyumba ya watu wawili, mmoja akikunyamazia, utaongea na nani? Na ng'ombe?

Basi ikakaribia siku ya wanyama, Tumpek Kandang, ambayo hurudi kila baada ya siku mia mbili na kumi. Siku hiyo ng'ombe anaogeshwa na kupambwa pembe zake, nguruwe anapikiwa, na kila mwenye mnyama anamtolea sadaka na kumwombea. Bosi wangu, Pak Suwitra, akanijia mbio jikoni. Fundi wake wa sadaka alikuwa amefiwa, na aliyefiwa hagusi sadaka.

"Wirati, mlete mkweo."

"Meme ana ng'ombe wake wa kushughulikia, Pak."

"Ng'ombe mmoja! Atammaliza kabla jogoo hajashuka. Mlete bwana, tutaaibika."

Nilimleta. Ningefanyaje? Alikaa nyuma ya pikipiki yangu na kapu la sadaka mapajani, akinikemea kila kona kwamba namwaga maua. Tulipofika mbele ya kizimba akasimama, mkono kiunoni.

"Ahaa! Kumbe ndiye huyu. Mwizi wangu!"

"Meme, jamani."

"Jamani nini? Ndugu zake wamenilia kuku tisa. Tisa, Wirati, na mmoja alikuwa anaatamia! Leo nimeamka gizani kumsukia mwizi sadaka. Dunia hii ina mambo."

Dirga, anayekaanga buni mbele ya wageni, akacheka hadi akaacha kukoroga. "Msamehe, bibi. Huyo keshafungwa."

"Amefungwa miaka mingapi?"

"Minne."

Meme akafikiri. "Kwa kuku tisa, imezidi."

Kisha akaanza kazi, na Meme akiwa kazini hana mzaha. Akawasha udi. Akanyunyiza maji ya baraka kupitia waya. Akataka kumbandika punje za mchele kwenye paji la uso, kama anavyofanyiwa ng'ombe, lakini mkono haukupita, akamrushia tu pamoja na maua. Akamwombea afya, nguvu, umri mrefu. Ngawa hakumtazama. Alikuwa akitembea: hatua nne, pua inagusa waya, anageuka, hatua nne, pua inagusa waya. Ncha ya mkia alikuwa ameitafuna mwenyewe mpaka ikabaki ngozi tupu. Meme alitafuta mahali pa kutundika kikapu kidogo cha sadaka, akaona kufuli la mlango, akakitundika hapo. Alikawia kidogo na kufuli lile mkononi.

"Mbona halali?" akauliza. "Hawa si wanyama wa usiku?"

"Kelele za wageni, Meme."

Akakaa kwenye benchi, akatoa makuti yake machanga na kisu, akaanza kusuka sadaka za kesho.

Kundi la kwanza likafika. Nilitamani nilipitishe mbali, lakini njia yetu ni moja na inapita hapo hapo. Nikasimama, nikatabasamu, nikaisema sentensi. Wageni wakakunjuka nyuso kama kawaida, wakapanda ukumbini. Meme hajui Kiingereza, ila macho anayo.

"Umewaambia nini wale? Wamekuja na sura za msibani, wameondoka wanacheka."

Ningeweza kusema lolote. Ningesema nimewaambia bei, ningesema nimewasifia mvua. Lakini ulimi uliozoea njia hupita njia ileile.

"Nimewaambia usiku tunamfungulia, Meme. Anaenda shambani, anarudi."

"Kila usiku?"

"Kila usiku."

Akachukua kuti jingine. "Vizuri. Basi nitangoja nimwone akitoka. Nilimletea ndizi, bora aile akiwa nje."

Nilidhani anatania. Saa sita mchana alikuwa pale. Saa nane alikuwa pale. Watu walipita na kamera, yeye anasuka tu, na ngawa anatembea hatua zake nne. Saa tisa Pak Suwitra akanivuta nyuma ya ghala.

"Mkweo vipi? Haendi nyumbani?"

"Anangoja."

"Anangoja nini?"

"Umfungulie ngawa."

Akafumba macho. "Mwambie leo hafunguliwi. Mwambie ni sikukuu."

"Sikukuu ya wanyama, Pak? Hilo kamwambie mwenyewe."

Akaenda. Nikamwona akiinama, akikunja viganja kwa adabu, maana nani anamfukuza fundi wa sadaka siku kama ile? Akarudi na kipande cha keki ya mchele mkononi, jasho linamtoka.

"Amenipongeza," akasema. "Ati siku zote alidhani mimi ni bahili, kumbe nina moyo wa kumwachia mnyama kila usiku. Wirati, fanya kitu!"

Nikampelekea Meme chai. Nilikuwa nimeshaupanga uongo wa pili, mzuri tu, wa kufunika wa kwanza.

"Meme, pengine atafunguliwa saa sita za usiku."

"Makuti ninayo ya kutosha," akasema, akapuliza chai yake.

Nikarudi kazini nimechoka kama niliyelima. Niliona jambo lilivyo. Nikisema kweli nampoteza Meme. Nisiposema, atakaa pale mpaka kizimba kimwambie.

Wageni wa mwisho walikuwa baba, mama na mabinti wawili wadogo. Jua lilikuwa linaelekea nyuma ya mashamba. Sentensi nikaisema chini chini, lakini yule mama wa kizungu alikuwa amemwona Meme, akachuchumaa kando yake, akaniuliza bibi huyu anangoja nini. Nikamfasiria Meme, Meme akajibu, nikafasiri tena, maneno yangu mwenyewe yakinirudia kinywani: anangoja ngawa atoke. Wakafurahi ajabu. Je, na wao wanaweza kungoja? Wakakaa chini. Wengine waliokuwa ukumbini wakaona watu wamekaa, wakashuka nao na vikombe vyao. Kufumba na kufumbua, watu kumi na wawili wamekizunguka kizimba, simu mkononi, wanamsubiri Pak Suwitra.

Akaja na funguo zake, anatabasamu kama mwenye jino bovu. Akakiondoa kikapu cha sadaka juu ya kufuli, na sote tukaliona. Lilikuwa kutu tupu. Tundu la ufunguo lilikuwa limeziba kabisa. Akajaribu ufunguo, haukuingia. Akajaribu mwingine. Akacheka, akasema kwa Kiingereza kwamba amekosea funguo. Yule baba akainama, akalitazama kufuli kwa karibu, kisha akanitazama mimi.

"Kila usiku?" akauliza. Hakuuliza kwa ukali, na hilo ndilo lililoniuma.

Pak Suwitra akanikazia macho: sema kitu. Nami kitu nilikuwa nacho, kilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Ningesema ni mvua ya jana. Ningesema kuna mlango mwingine nyuma. Nikamtazama Meme. Alikuwa ameinamisha kichwa juu ya makuti yake, lakini mikono ilikuwa imesimama.

"Meme," nikasema kwa lugha yetu, "hajawahi kufunguliwa. Hata siku moja. Nimekudanganya, na hawa nawadanganya kila siku."

Kisha nikawaambia wageni kwa Kiingereza. Ilikuwa fupi kuliko sentensi yangu ya zamani. Niliiogopa kazi, ndiyo, lakini zaidi niliogopa ule ukimya wa wifi yangu na chai yake.

Meme akanyanyua mkono, akanionyesha vidole. Kutu ilikuwa bado ndani ya kucha. "Nilitundika sadaka kwenye hilo kufuli asubuhi. Unadhani sina macho?"

"Ulijua? Sasa siku nzima ulikuwa unangoja nini?"

"Nakungoja wewe."

Dirga ndiye aliyeinuka, akachukua shoka lake la kupasulia kuni. "Dirga, wewe, hebu…" akaanza Pak Suwitra, akaziona simu, akanyamaza. Pigo la pili kufuli likaanguka. Mlango ukalia kama mtoto wa nguruwe, ukafunguka wote. Tukarudi nyuma kumpa nafasi.

Ngawa akatembea hatua nne. Akafika pale ulipokuwa mlango, akanyoosha pua pale ilipokuwa waya, akageuka. Hatua nne. Akarudi, akafika palepale, akageuka tena. Hapakuwa na kitu mbele yake ila nyasi na miti ya kahawa. Yule binti mdogo akaanza kulia, na mimi nikalia, sioni haya kulisema. Meme peke yake ndiye aliyesogea. Akamenya ndizi, akaiweka kizingitini.

"Toka, mwizi," akamwambia taratibu. "Wale niliowafukuza mimi walikuwa wanaruka ukuta. Toka."

Tulimwacha bado anatembea.

Pak Suwitra alinifukuza Jumatatu. Meme hakuninyamazia. Alinisema wiki mbili mfululizo, asubuhi na jioni, mbele ya ng'ombe na mbele ya jirani, na sijawahi kufurahia kusemwa kama wakati ule. Dirga alipita akatupa habari. Mlango ulibaki wazi kwa sababu hakukuwa na kufuli, na ngawa alikaa ndani siku mbili. Asubuhi ya tatu kizimba kilikuwa kitupu na ndizi haipo. Kabla wiki haijaisha likaja gunia jingine. Pia ameajiriwa msichana mpya, Kiingereza chake kizuri, na sentensi yangu ameshaikariri.

Mwezi mmoja baadaye niliamka nikakuta manyoya juu ya ukuta wetu wa nyuma. Kuku mwekundu hayupo. Nikashika mwanzi, nikataka kupekua vichakani, Meme akanizuia.

"Acha. Aliyekula ameruka ukuta mwenyewe?"

"Ameruka, Meme. Manyoya haya hapa."

"Basi ana miguu mizima." Akayaokota manyoya moja moja, akayatia mfukoni. "Na yule mwingine wa kwa Suwitra? Kufuli lake likoje?"

"Jipya. Dirga anasema linang'aa."

Akahesabu kwa vifundo vya vidole, midomo ikicheza. Zilikuwa zimebaki siku mia moja na themanini mpaka siku ya wanyama.

"Nitakwenda kumwombea," akasema. "Na nitakaa. Utanipeleka."

"Pak Suwitra atatufukuza, Meme. Mimi ameshanifukuza."

"Atamfukuza nani siku hiyo, mtu ana sadaka mkononi?" Akajiketisha barazani, akavuta kapu lake karibu. "Lete kisu. Na ukae hapa unisaidie, maana kazi huna."