Kelele za Mkunga

Mkunga alipostaafu, baada ya miaka thelathini na mitano ya kupokea watoto wa watu, alijinunulia runinga. Aliiweka juu ya kabati katika chumba alichopewa nyumbani kwa bintiye, na kila Jumamosi saa kumi alasiri alifunga mlango, akavua viatu, akatazama mieleka.

Ilikuwa mieleka ya kampuni kubwa ya ng'ambo, ile yenye mataa, moshi na majitu yaliyopakwa mafuta. Kulikuwa na mmoja aliyeitwa Bwana Harusi, aliyeingia ulingoni na suti nyeupe na shada la maua, kisha akawapiga wenzake kwa kiti mwamuzi akigeuka. Mkunga alimchukia kwa moyo wake wote, na chuki hiyo ilimpa raha isiyo kifani. Alisimama, akajipiga mapaja, akapayuka hadi koo likamkauka. Kipindi kikiisha alikuwa mwepesi kama mtu aliyetoka kuoga.

Mume wa bintiye alikuwa mhadhiri wa chuo, na mambo hayo yalimkera. Kwa kuwa mtu hamkemei mama mkwe wake usoni, alimkemea kwa kuzunguka. Mezani alimwambia mkewe, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "Makampuni haya yanakamua watu, halafu watu wazima na akili zao wanakaa kuyashangilia." Siku nyingine aliiambia sahani yake, "Sijui mtu aliyesoma anapata nini kwenye takataka zile." Mkunga alitafuna, akameza. Ukikaa kwa mkwe, mengine unayasikia kwa sikio hili yanatokea kwa lile.

Basi Jumamosi moja mkwe akabisha hodi, ana vikombe viwili vya chai. Akaomba kukaa. Akailaza simu yake kifudifudi mezani, akauliza, "Mama, huyu wa suti ndiye nani?"

Mkunga alimweleza. Jumamosi iliyofuata mkwe akaja tena, na nyingine tena. Alicheka panapochekesha, akasema, "Mama, wewe unaielewa mieleka kuliko watangazaji wenyewe." Kilikuwa kilemba cha ukoka, lakini mama wa watu alikivaa na kikamkaa vizuri.

"Mkwe wangu amenikubali," alimwambia fundi viatu wa upande wa pili wa barabara, mlevi mwenzake wa mieleka, ambaye runinga yake ndogo ilikaa katikati ya soli na makopo ya gundi.

"Mama, kiburi hakivuliwi kama koti," fundi alisema.

"Una wivu wewe."

Miezi miwili ikapita. Siku moja Mkunga aliona tangazo kwenye meza ya sebuleni: mkwe wake angetoa mhadhara wa wazi, Jumamosi saa nane mchana, katika ukumbi wa chuo. Binti akalichukua haraka haraka. "Si mambo yako hayo, mama. Wewe pumzika."

Lakini Mkunga alikuwa mtu wa kulipa fadhila. Yeye kakaa kwenye mieleka yangu miezi miwili, alijiambia, na mimi nikakae kwenye yake saa moja. Jumamosi akavaa gauni la buluu alilovaa siku alipoagwa kazini, akaenda peke yake, akakaa safu ya nyuma. Bintiye alikuwa mbele kabisa, hakumwona.

Ukumbi ulijaa. Mkwe alipanda jukwaani na miwani yake, akazungumza juu ya makampuni makubwa na burudani zao, na mengine Mkunga aliyakubali kabisa. Hakuwa mtoto. Alijua kampuni ile inatafuta faida, na alijua wale wanamieleka wanatumikishwa. Alikuwa anatikisa kichwa kukubali wakati mkwe aliposema, "Sasa tumsikilize mhojiwa wa kwanza. Mwanamke, miaka sitini na minane, elimu ya wastani."

Spika zikakoroma. Sauti ya mwanamke ikapayuka ukumbini: "Mpige! Mvunje mbavu huyo mshenzi! Mama yake angejua, angezaa jiwe!"

Watu wakaangua kicheko. Mkunga naye akaanza kutabasamu, maana mtu haijui sauti yake akiisikia kwa mbali. Kisha ikasikika sauti ya mwanamume, taratibu, yenye adabu: "Mama, huyu wa suti ndiye nani?"

Tabasamu likamganda. Mbele yake kijana mmoja alikuwa anafuta machozi kwa kucheka. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Sauti ile ilichezwa mara tatu, na mara ya tatu watu walicheka kuliko ya kwanza.

"Mnaona?" mkwe alisema. "Mhojiwa huyu hawezi tena kutofautisha maumivu ya kweli na maumivu ya kuuzwa. Wamemnyang'anya hata hilo." Akafunga karatasi zake. "Namshukuru mke wangu, aliyeketi na rekodi hizi na kuziandika zote, neno kwa neno, kisha akauandika mhadhara huu pamoja nami."

Binti akasimama, akainamisha kichwa, akapigiwa makofi.

Mwongozaji akatangaza kuwa maswali yaandikwe kwenye vikaratasi. Mkunga hakuandika kitu. Alishuka ngazi za ukumbi mpaka mbele, akamnyang'anya mwongozaji kipaza sauti. Mkwe alipomwona, alibaki mdomo wazi.

"Mimi ndiye mhojiwa wa kwanza," alisema. "Elimu yangu ya wastani ndiyo iliyowatoa nusu yenu matumboni mwa mama zenu."

Hakuna aliyecheka.

"Maumivu ya kweli nayajua. Mwanamke mmoja alinishika mkono huu kuanzia asubuhi hadi jioni, na alipokata roho hakutoa hata sauti. Maumivu ya kweli mara nyingi yako kimya. Kwa hiyo nawapenda watu wanaopiga kelele kwa mpangilio, wakabebwa kwa machela, halafu wiki ijayo wakarudi na suti safi. Najua ni uongo. Uongo huo ndio unaonipumzisha." Akamgeukia mkwe. "Kampuni ile inanidanganya mbele ya macho yangu, na mimi nimeridhia. Wewe umenidanganya huku ukininywesha chai."

"Mama, jina lako sikulitaja..."

"Sauti yangu je?"

Watu wakaanza kupiga makofi, na wengine wakasimama. Hapo ndipo hasira ilipompanda kweli.

"Msinipigie makofi!" alifoka. "Sasa hivi tu mlikuwa mnanicheka. Kaeni chini."

Wakakaa.

Binti alimkuta nje, kwenye ngazi, anahema. "Mama, nisamehe. Alisema ni utafiti tu."

"Baba yako alipofariki nikahamia kwenu, nani aliniuliza kwa nini naitazama mieleka mle chumbani?"

"Mimi."

"Na nikakueleza habari za yule mwanamke. Wewe peke yako. Ulipoandika kuwa siwezi kutofautisha, ulijua ni kweli?"

Binti aliangalia viatu vyake. "Nilijua si kweli."

"Ukaandika."

"Nikaandika."

"Na ulipoandika pale ninapopayuka, ulicheka?"

Binti alikawia mno kujibu. Mkunga hakungoja. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alimzaa mwenyewe.

"Jumatatu nitatuma mtu kuchukua vitu vyangu," alisema, akashuka ngazi.

Hakwenda nyumbani. Saa kumi ilimkuta kwa fundi viatu, ameketi juu ya kigoda kati ya buti na kandambili za watu. Fundi alimtazama mara moja, akaona uso ule, akarudishia mlango, akaongeza sauti ya runinga bila kuuliza.

Bwana Harusi akaingia na maua yake. Mwamuzi akageuka. Kiti kikapanda juu. Mkunga akafungua mdomo, na kelele haikutoka. Aligeuka kwanza kuangalia mlangoni, kama kuna mtu anasikiliza.

Akajifumania akifanya hivyo. Miaka sitini na minane, na leo anachungulia mlango kama mwizi wa sukari. Alikasirika kuliko alivyokasirika ukumbini. Akainuka, akausukuma mlango mpaka ukagonga ukuta, akauwekea jiwe usijifunge.

"Mama, vumbi!" fundi alilalamika.

"Liache liingie."

Akavuta kigoda hadi kizingitini, mahali barabara nzima ilipoweza kumwona, akavuta pumzi, akamtukana Bwana Harusi tusi refu lililowataja wazazi wake, suti yake na aliyemwoa. Wapita njia wawili wakasimama kumshangaa. Mkunga akawatumbulia macho mpaka wakaondoka, kisha akaendelea.