Miti ya Chini ya Ziwa

Mama yangu huyu atanitia wazimu. Miaka thelathini na minne amefua mashuka ya hoteli hapa ziwani, na hajawahi kukanyaga boti hata siku moja. Na mimi bintiye ndiye mpiga makasia wa hoteli hiyohiyo! Kila siku nawapeleka watu baki kuona miti, mama yangu mzazi nampita pale kwenye kamba za nguo, ananipungia taulo.

Miti yenyewe iko chini ya maji. Zamani sana mlima uliporomoka ukaziba bonde, mto ukakosa pa kupita, maji yakapanda yakaumeza msitu mzima ukiwa umesimama. Maji ya huku ni baridi ya kugonganisha meno, lakini ni maangavu ajabu. Ukiinama ukingoni mwa boti unaiona miti kule chini, wima, na matawi yake. Watu wanakuja kuogelea kwenye ghuba yenye mchanga, wengine kuvua kwa ndoana, wengine kupanda majabali na kupigana picha, ila hakuna anayeondoka bila kuulizia miti.

Kesho asubuhi kaka anakuja kumchukua Mama akaishi naye bondeni, kwa kuwa amestaafu. Kwa hiyo ilikuwa leo au basi. Tena kabla ya saa nane, maana saa nane upepo unashuka kutoka mlimani, maji yanachafuka, na huoni chini hata uzamishe pua.

Saa tatu nikamleta gatini, nikamvalisha jaketi la kuelea. Papo hapo wakatokea bwana na mkewe na kikapu chao cha chakula.

"Boti imejaa?" bwana akauliza.

"Imejaa," nikasema.

"Wala haijajaa," Mama akasema, na jaketi keshaanza kulivua. "Wageni kwanza. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Mwenyeji gani anapona hapa, Mama?"

"Usinipandishie sauti mbele za watu."

Nikawapeleka. Yule bwana alijipiga picha mpaka nikachoka kwa niaba yake. Kurudi saa tano, Mama hayupo. Nikamkuta stoo anakunja taulo ambazo si kazi yake tena, anazipapasa pindo kwa pindo, hata kichwa hainui.

"Nani huyo?"

"Mimi! Nani mwingine?"

Nikamrudisha gatini. Loo, nani kasimama pale? Bibi mmoja na wajukuu wawili.

"Wapeleke watoto kwanza," Mama akasema. "Mimi ziwa hili nalijua kabla hujazaliwa."

"Hulijui! Unayajua mashuka yake tu!"

"Haraka haraka haina baraka, mwanangu."

Mpishi akachungulia dirishani akicheka, eti mama yako ana roho nzuri. Roho nzuri! Nilitamani kumrushia kasia.

Saa saba na robo, nilipowarudisha bibi na wajukuu, nikatangaza gatini kwamba mwingine anayetaka kupanda anipande mimi mgongoni. Nikamshika Mama mkono, nikamkalisha, nikaanza kupiga makasia mpaka mabega yakawaka moto. Mama ameshika ukingo kwa mikono miwili.

Hata nusu ya njia hatujafika, Mama akainama.

"Jamani, miti hiyo! Mizuri! Tazama matawi yake!"

Nikaangalia chini. Mchanga. Mchanga mtupu na kopo moja la soda.

Makasia yakanigandia mikononi. Nikakumbuka zile taulo, na lile "nani huyo", na sindano ambazo mwaka mzima ananiomba nimtungie uzi. Mtu anahangaika kunificha jambo, mimi tangu asubuhi namfokea. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

"Tangu lini, Mama?"

Hakujifanya hajaelewa. "Tangu mvua za mwaka jana. Naona mwanga na vivuli. Ulivyokuwa na furaha ya kunileta huku, ningekwambiaje?"

"Ungeniambia!" nikapiga kelele. "Kwa mdomo! Kama watu wanavyoambiana!" Halafu nikalia, kwa hasira na kwa uchungu, kamasi zinanitoka kama mtoto.

"Futa pua upige makasia," Mama akasema. "Upepo haumsubiri mtu."

Tulifika saa nane kasorobo. Nikainama nikaanza kumsimulia. Mti wa kwanza huu hapa, mkubwa, mweupe, samaki wawili wanapita katikati ya matawi.

"Umeruka," akasema. "Kabla ya huo kuna wenye panda, umemwegemea mwenzake. Wageni wote wanausema wakija kuchukua taulo."

Nikatazama vizuri. Kweli ulikuwepo. Miaka tisa napita juu yake na sijawahi kuuona.

Tukaendelea hivyo, mimi nasema, yeye anarekebisha, mpaka upepo ukashuka. Maji yakakunjamana, nami sikuona kitu tena. Nikageuza boti kurudi.

Mama ndiye aliyeendelea kusimulia, mti mmoja mmoja, mpaka tukafika gatini.